Hamira ya Magodoro

Majina yao wote ninayo kichwani. La tajiri, la msimamizi, la mganga wa zahanati, hata la mama aliyeanza kucheka siku ile. Mjukuu wangu amenikataza kuyaandika. Sawa, siyaandiki. Lakini jina la kile kitu chenyewe nitaliandika, kwa sababu wifi yangu hakuharibiwa maisha kwa fimbo wala kwa kisu. Aliharibiwa kwa neno la jikoni. Walikiita hamira.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yameanza kujaa, na kila mwenye mtaji anafungua kitu. Tajiri mmoja kutoka Dar alikodi ghala la zamani la karanga upande wa Ipagala, pembeni ya mji wetu, wakati huo bado kuna mashamba ya uwele, akaanza kutengeneza magodoro ya sponji. Sisi tulikuwa tumezoea ngozi, na mwenye nacho alilalia godoro la sufi lenye mabonge. Sponji likawa sifa. Watu waliuza mahindi Kibaigwa, wakaja mjini kununua godoro, wakarudi nalo limefungwa juu ya lori kama bibi harusi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa mjane anayekaa mtaa wa Kikuyu na watoto wake. Mimi na yeye tuliajiriwa pamoja kwenye chumba cha kuumulia. Msimamizi alitaka wanawake. Alisema mnajua maandazi, mtaijua na hii. Na kweli ilifanana. Kwenye pipa unatia mafuta mazito, unatia maji, unatia hamira kwa kikombe. Halafu msimamizi mwenyewe, amevaa glavu na amejifunga pua, anamimina dawa kali kutoka kwenye pipa lenye picha ya fuvu. Mashine inakoroga, mnamwaga haraka kwenye sanduku kubwa la mbao, na kile kitu kinageuka cheupe, kinavimba, kinapanda kama uji unaotaka kufurika, kina joto la mkate. Siku za kwanza tulikuwa tunasimama kukitazama kama watoto.

Glavu zilikuwa za dawa ya fuvu tu. Hamira haikuwa na fuvu. Ilikuja kwenye makopo ya chuma yenye maandishi mengi, lakini msimamizi aliihamishia kwenye madumu ya mafuta ya kula, makopo yakauzwa sokoni. Ilinuka kama samaki aliyelala. Tuliipima kwa mikono mitupu, tukajifuta kwenye khanga. Ukiuliza unaambiwa, "Hiyo ni hamira tu, mama."

Ikifika mchana macho yanaingia ukungu wa bluu, kama mtu amekutundikia chandarua usoni. Jioni tukirudi nyumbani kila taa ina pete kubwa kuizunguka. Asubuhi umepona, unarudi kazini, mchana ukungu uleule. Wote wa chumba kile tulikuwa nao, ila wifi alizidi, kwa sababu kikombe kilikuwa mkononi mwake kutwa nzima. Jioni moja alimpa shikamoo kijana wa mkokoteni wa maji, akidhani ni mchungaji. Kijana akaitikia marahaba bila haya. Mtaa ukacheka wiki nzima, na baada ya kucheka wakaanza kunong'ona kuwa mama yule siku hizi anapiga vyombo.

Wifi hakuwahi kuionja pombe. Mama yake alipika pombe ya uwele kulisha nyumba, na yeye alikua akiwaona walevi wakilala uani kwao. Ndiyo maana aliichukia. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na jina hilo zuri ndilo alilokuwa nalo, kwa kuwa kingine hakuwa nacho.

Nilimpeleka zahanati. Mganga akamuuliza, "Unafanya kazi gani, mama?" Akajibu, "Naweka hamira." Mganga akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akasema ni joto la tanuri, akampa dawa ya matone, akamwambia asiiname sana juu ya mikate. Nilikuwa nimekaa hapohapo. Tungempa neno gani lingine? Jina la kweli waliliuza sokoni pamoja na makopo.

Halafu ikaja siku ya kikombe. Wifi hakuiona alama, akamimina kupita kiasi. Godoro likaumuka kwa fujo, likapasuka katikati toka mwanzo mpaka mwisho. Msimamizi alikuja mbio. Hakuuliza chochote kuhusu macho. Alimsimamisha mbele yetu, mwanamke mwenye watoto wakubwa, akamwambia, "Fungua mdomo." Wifi akafungua. Akamnusa. Hasira ile bado ninayo mpaka leo.

Harufu hakuipata, na hilo halikumsumbua. Akasema, "Nyie wa huku kimea cha pombe mnakinyonya kwenye ziwa la mama. Hakinuki tena, kimeshakuwa damu."

Nikamwambia sote tunaona ukungu, na unatoka kwenye ile hamira.

"Hamira imemlewesha nani tangu dunia iumbwe?"

Mama mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, wenzetu wenye ukungu uleule machoni. Ukilisikia neno hamira likilaumiwa utacheka tu. Nani aliyewahi kuumwa na andazi?

Nikasema, "Basi kesho nakuja na unga. Tukande kwa hamira yako hiyo, nikaange, na andazi la kwanza ule wewe."

Kicheko kikahamia upande wangu. Yeye hakucheka. Alituonyesha mlango, mimi na wifi yangu.

Tulikaa nyumbani siku chache, macho ya wifi yakawa safi kama maji ya mtungi. Taa zikaacha pete. Nilifurahi, nikadhani sasa watu wataona wenyewe kwamba ni ile kazi. Nilikuwa mjinga. Tulipofika kanisani, mzee wa kanisa alimshika mkono, akamtazama machoni, akasema kwa upole, "Umeona, mama? Ukiiacha, macho yanarudi."

Kupona kwake ndiko kukawa ushahidi. Alipokana, wakasema ana kiburi. Wakamvua uongozi, wakamtenga na meza ya Bwana hadi atubu. Akasema hatubu asichotenda. Akakaa nyuma kabisa, miaka, akiwatazama wenzake wakienda mbele.

Halafu binti yake akapata mchumba, na watu wa upande wa bwana harusi wakataka ndoa ya kanisani, na mama wa bibi harusi asiwe mtu aliyetengwa. Jumapili ile wifi alivaa kitenge chake kizuri, akasimama mbele ya ushirika mzima, akatubu pombe. Akaulizwa kama ameiacha. Akasema ameiacha. Wakapiga vigelegele, wakaimba. 

Nje, tukiwa tunafunga khanga vizuri kwa ajili ya vumbi, akanambia, "Wifi, sasa si nikainywe basi, nijue hata ladha ya nilichotubu?" Nikacheka, yeye akacheka. Hakuinywa. Alikufa bila kuionja, na mtaani wanamkumbuka kama mama aliyeshinda ulevi, wanamtolea mfano kwa vijana.

Juzijuzi mjukuu wangu, anayesomea kemia, nilimsimulia habari za godoro. Akaniambia jina la ile hamira ni kichocheo. Kazi yake ni kuharakisha mchanganyiko uumuke, na mvuke wa baadhi ya aina zake unavimbisha ngozi laini ya mbele ya jicho, ndipo ukungu unapoingia na taa zinapata pete. Ukitoka kwenye hewa ile, unapona. Alisema jambo hili linajulikana, limeandikwa vitabuni zamani. Zamani, yaani lilikuwa linajulikana wakati wifi yangu anafunguliwa mdomo kama punda sokoni.

Nikavaa, nikaenda kanisani. Mchungaji wa sasa ni kijana, msikivu. Nilimweleza yote, nikamwomba Jumapili aseme mbele ya watu kwamba mama yule hakuwa mlevi.  Akasema, "Lakini alitubu mwenyewe, bibi. Toba haifutwi."

Nikamwambia, "Sikuja kufuta toba yake. Nimekuja kusikia ya kwenu."

 Akaniuliza kama nimekuja na mtu, au aniitie bodaboda ya kunirudisha nyumbani.