Filimbi Bila Bendera

Mimi sijue kutunga hadisi. Ninajua kuuza maharagi, kupima mbao na kuongea na mutu uso kwa uso. Haya nitakayosema niliyaona na macho yangu mbili, na binti yangu iko muzima, unaweza kumuuliza. Ukiona ninadanganya, simama uende. Sitakushika.

Nilizaliwa upande wa Butembo, nikaja Masisi ningali kijana na chukudu moja ya mbao ya kubebea mizigo, nikisukuma mihogo ya wengine kutoka milimani mupaka sokoni. Leo niko na depo ya maharagi na mbao, nyumba ya mabati, na watoto wangu wote wamesoma. Mimi niliishia mwaka wa tatu wa primere, shule ya watoto wadogo. Sikatai. Njo maana nilitaka Kavira, binti yangu wa mwisho, asome kwa ile institi yetu ya zamani, sekondari ya matofali mekundu juu ya kilima. Ukimuona mutu wa Masisi iko Goma na kravati shingoni, usiulize sana. Amepita pale.

Vita ilisogea, masomo ikakatwa, watoto wakarudishwa nyumbani. Kavira alikuwa sizieme, mwaka wa mwisho, na vitu vyake vilibaki kwa nyumba ya kulala wanafunzi: matela ya kulalia, vitabu, sanduku ya chuma. Barabara ilipotulia kidogo nikamwambia twende tuchukue. Na nikamwambia avae iniforme.

— Papa, shule imefungwa. Nitavaa hii ya nini?

— Vaa tu. Utanishukuru kwa bariere.

Huku sote tunafanya vile. Kwa bariere ya askari, mwanafunzi mwenye iniforme anapita bila maneno mingi. Mama yake akapiga pasi ya makala: shati nyeupe, jupe ya bluu, viatu nyeusi vinang'aa. Na kweli, tulipita bariere zote kama maji. Niambie, nani angejua?

Tulifika alasiri. Kijana wa pikipiki mwenye alituleta alikataa kupanda kilima juu ya matope, akabaki chini anatafuna muhindi. Geti ilikuwa wazi. Kwa jikoni ya shule moshi ilikuwa inatoka, mzee sentineli, mulinzi wa shule, anapika. Ngombe moja ilikuwa inakula majani katikati ya uwanja, na mulingoti wa bendera ulikuwa mutupu, kamba inapiga-piga chuma. Kavira akaenda kutafuta matela yake, mimi nikabaki uwanjani ninatazama madirisha yenye yamevunjika. Ukungu ukashuka. Mutu wa Masisi anajua ukungu yetu: haikuji pole pole, inakufunika kama mutu anakutupia blanketi.

Kisha filimbi ikalia.

Kama hauko mutu wa Kongo, nikueleze. Bendera ikipanda asubuhi ao ikishuka magaribi, filimbi inalia, na kila mutu anasimama pale iko: mwenye kubeba maji, mwenye pikipiki, mulevi na ulevi wake. Hakuna kutembea mupaka filimbi ya pili. Tangu utoto, miguu yangu inajua hii kazi bila kuniuliza. Nikatoa kofia, nikasimama. Sikujiuliza bendera gani inashuka mapema vile, kwa shule yenye imefungwa.

Nikangoja filimbi ya pili. Haikukuja.

Nilipotaka kugeuza shingo, shingo ilikataa. Miguu pia, mikono pia. Niamini, haikuwa woga. Woga naijua, nimepita pori ya Walikale upande wa Ntoto na mizigo kichwani, na nilikuwa natembea na woga wangu. Hii ilikuwa kama mutu amenipanda ndani ya udongo kiisha akakanyagia. Macho tu yalibaki yangu. Na macho yaliona, chini ya ukungu, viatu. Viatu mingi, imepangwa. Kiisha jupe na pantalo za bluu. Kiisha mashati nyeupe. Shule nzima kwa mustari, kalasi kwa kalasi, kila mumoja amenyosha mikono juu ya mabega ya mwenzake wa mbele, vile wanapimaka nafasi. Hakuna mwenye kukohoa, hakuna mwenye kucheka. Kwa baridi ile, pumzi yangu ilikuwa inatoka nyeupe. Ya kwao, hapana. Ile ngombe ikanyanyua kichwa, ikapita ndani yao vile wewe unapita ndani ya moshi, ikaendelea kula ngambo ingine.

Kwa mustari wa mwisho, wa sizieme, nikaona pumzi moja inapanda. Kavira. Matela yake iko chini kwa matope, mikono yake juu ya mabega ya yule wa mbele, na mikono ya yule wa nyuma juu ya mabega yake.

Wa mwaka wa kwanza wakaanza kuingia kalasi. Watoto wakiingia kalasi, unasikia mabanki ya kukalia, unasikia kelele. Pale hakuna kitu. Mulango ulikuwa unawameza, basi. Wa mwaka wa pili wakafuata. Nikaelewa: zamu ya sizieme ikifika, binti yangu ataingia, na mimi nitabaki hapa na kofia mukononi kama mutu wa kuchongwa. Nikaomba Mungu kwa Kinande, nikaomba kwa Kiswahili. Kidole hakikusogea.

Njo akanifikia direkta wa disipline. Mutu murefu, koti ya zamani, filimbi shingoni. Uso wake siukumbuki. Ninakumbuka sauti, sauti ya mutu mwenye kazi mingi.

— Wewe, kalasi gani?

Ulimi wangu ukafunguka.

— Sina kalasi.

— Kila mutu hapa iko na kalasi. Kalasi gani?

— Niliishia mwaka wa tatu wa primere, kiisha nikasukuma chukudu. Watoto wangu njo wamesoma hapa. Mimi hapana.

Mistari yote ikacheka. Vinywa wazi, pumzi hakuna.

— Sasa unatafuta nini kwa mustari? Toka! Unaniharibia wanafunzi.

Na miguu yangu ikarudi. Maisha yote, watu wa diplome wameniuliza ile swali na kucheka vile vile. Siku ile njo mara ya kwanza jibu yangu ilinifaa kitu.

Nikakimbia kwa Kavira, nikamushika kiuno, nikavuta. Mimi nimebeba magunia ya maharagi na mugongo huu. Mutoto hakusogea, alikuwa kama nguzo ya nyumba. Machozi tu yanashuka, na sauti ndogo inatoka.

— Papa, usiniache.

— Direkta, huyu ni mutoto wangu!

Hata hakugeuka.

— Hapa hakuna mutoto wa mutu. Iko na iniforme ao hana?

Iniforme. Mimi mwenyewe njo nilimuvalisha.

Mwaka wa tano walikuwa wanaingia. Hapo nikakumbuka kitu chenye kila muzazi wa huku anajua: asubuhi kwa mustari wanakagua, na mwenye uchafu anafukuzwa mbele ya wote, aende kufua. Kavira hawakumufukuza hata siku moja. Nilikuwa ninajisifu na ile kwa kila duka. Nikainama, nikachota matope na mikono mbili, nikamupaka. Kola, mugongo, jupe. Nikamupaka mupaka nywele. Nikamuvua kiatu kimoja, nikakitupa kule. Nikapiga kelele:

— Direkta! Huyu iko muchafu! Namna gani unaacha muchafu aingie kalasi?

Akageuka. Akamutazama toka kichwa mupaka muguu. Alikasirika kweli, kama vile nimemutukania kazi.

— Nje! Toka kwa mustari! Enda ufue!

Kavira akaniangukia. Nikamubeba, nikakimbia. Matela, sanduku, vitabu, vyote vilibaki.

Kwa mulango wa jikoni sentineli alikuwa anatungojea na mwiko mukononi.

— Papa, juu ya nini unapaka mutoto matope kama ukuta wa nyumba?

— Hauwaoni?

— Mimi ninaona papa na binti yake, wamesimama kwa baridi mupaka sombe yangu imeungua. — Akashusha sauti. — Mulisimamia ile filimbi, ee? Mimi ikilia, ninaendelea kukata vitunguu.

— Na ulishindwa kutuambia?

— Ningekuambia, ungeniita mulevi.

Hapo hakukosea.

Kavira alimalizia masomo Goma, diplome anayo. Lakini mustari hasimamake. Kwa misa, wakienda kukomunika, anangoja watu wote waishe. Mutu akimugusa mabega anaruka, hata kama ni mama yake. Na aliniambia neno moja tu juu ya siku ile. Wote walikuwa baridi, lakini yule wa nyuma yake, mikono yake ilikuwa na moto kama ya mutu muzima. Ilikuwa inatetemeka.

Sentineli alisema tulikuwa wawili. Kwa ule ukungu, nani angehesabu? Mimi niliona pumzi moja, kwa sababu nilikuwa ninatafuta moja. Tangu siku hiyo ninauliza kila mutu anayetoka kule juu, Masisi mupaka Mpofi: hakuna nyumba yenye mutoto alienda kuchukua vitu vyake asirudi? Vita imepoteza watoto wengi, kila mutu anafikiri ni vita.

Basi wewe mwenye kusikia hii, bendera uiheshimu, sisemi hapana. Lakini filimbi ikilia ndani ya ukungu, tazama juu kwanza. Ukiona kamba tupu, tembea. Na kama umefika kunyanganya mutoto wako, tazama pia nyuma yake.