Fundi Milimita na Udongo Mweusi

Mdogo wangu wa kiume, aliyenipokea ziwa, mtaa mzima unamwita Fundi Milimita. Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kazi yake ni kujenga na kupiga lipu, na pimamaji, kile kipimo cha usawa chenye kiputo, haimtoki kiunoni hata akienda kutazama mgonjwa. Siku moja aliingia nyumba ya msiba, watu wanalia, yeye akasimama mbele ya picha ya marehemu, akaisogeza kidogo, akasema, "Ilikuwa imelala milimita tatu." Mjane akaacha kulia ili amtazame vizuri.

Mimi dada yake niliishia darasa la pili, lakini nimefinyanga vyungu miaka arobaini. Kwa hiyo ninayosema juu ya udongo sibahatishi.

Ufundi aliujifunzia mtaa wa juu, kwenye udongo mwekundu. Udongo ule mpole. Chimba msingi wa kufika gotini, panga mawe, mwaga zege, nyumba imekaa. Huku kwetu bondeni udongo ni mweusi na una tabia zake. Ukinyeshewa unavimba kama mtu aliyesifiwa. Ukikauka unanywea, unapasuka nyufa za kumeza kiatu cha mtoto. Mimi sikuufinyanga hata mara moja bila kuuchanganya na mchanga, maana chungu chake hupasuka kabla hakijaona moto. Na nilipojenga vyumba vyangu viwili bondeni humu humu, nilimchimbisha marehemu mume wangu msingi wa kufika kifuani, mpaka sururu ikagonga pagumu. Kila jioni alitoka shimoni akinilaani. Nyumba haina ufa mpaka leo.

Haya yote nilimwambia mdogo wangu siku anapima kiwanja.

"Dada," akasema, "wewe unaongelea vyungu. Hii ni nyumba."

"Nyumba ni nini kama si chungu kikubwa chenye watu ndani?"

"Haya, darasa la pili limesema!"

Vibarua wake wakacheka mpaka mmoja akaangusha koleo. Nikaondoka zangu.

Akachimba msingi wa gotini, ule ule wa mtaa wa juu. Tena hakutosheka. Nyuma, kiwanja kinapoteremka, akachimba chumba kizima ndani ya ardhi, kuta tatu zimeegemea udongo, wa nne una mlango na dirisha. Wenzake wakijiweza hupanda ghorofa, yeye alishuka. Alikiita "ghorofa ya chini". Mimi nikakiita handaki, na jina langu ndilo lililoshika.

Handaki akampa mkewe. Wifi yangu ni fundi cherehani, anazo nne, alizikusanya moja moja tangu msichana, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Alishukuru. Alifagia, akapanga majora ya vitambaa ukutani, akaanza kushona.

Mwaka haukuisha. Masika yalipoingia, milango ya juu ikagoma kufungwa. Fundi Milimita akatoa randa, akairanda. Kiangazi kikaja, udongo ukanywea, nyumba ikajirudi, milango ikabaki na mianya ya kupitisha mkono. Akapigilia vipande vya mbao. Masika mengine akavibandua, akaranda tena. Kuna mlango mmoja pale una viraka kuliko suruali ya mpiga rangi.

Handakini ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na mlango, ukatoa ufa wa ngazi ngazi, kutoka kona moja mpaka karibu na nyingine. Akaupiga lipu. Masika ufa ukarudi, na maji pamoja nao. Jambo lenyewe halikuhitaji miwani. Kiangazi udongo ulijitenga na ukuta kwa nje, ukaacha mwanya wa vidole viwili. Mvua ikija, bomba la maji ya paa lilimwaga pale pale, kwa kuwa alilielekeza kwenye maua yake. Mwanya ukajaa, udongo ukavimba, ukausukuma ukuta ndani kama mtu anayesukuma mlango wa choo. Yeye akasema saruji ya siku hizi mbovu. Mwaka wa pili akalaumu mchanga, wa tatu akalaumu malori ya barabarani. Udongo hakuulaumu hata siku moja, kwa sababu ni mimi niliyeutaja.

Wifi alikuwa hata hainami kutafuta kifungo kikimdondoka. Alimaliza kushona kwanza, kisha akaenda kona ya nyuma kuvizoa vyote, maana vyote viliviringika huko huko. Wateja wakaujua mchezo, wakawa wanadondosha vyao makusudi. Fundi mwenyewe akaja na pimamaji, akailaza sakafuni, akaitazama sana.

"Pimamaji hii imechoka," akasema.

Akanunua nyingine. Nayo ikachoka.

Masika ya nne jora zima la kitambaa cheupe liliota madoa meusi. Shule ilikwisha kumwonya wifi: sare zikichelewa tena au zikija na doa, kazi inakwenda kwa mwingine. Wifi si mtu wa maneno. Alipanda na jora lake mpaka sebuleni, akalitua mbele ya kikombe cha chai cha mumewe.

"Fundi, hii nini?"

"Unyevu tu huo. Nitapiga lipu."

"Lipu ya ngapi?"

"Hii ndiyo ya mwisho."

"Watoto wa watu nitawavisha lipu?"

"Sasa unataka nihamishe nyumba?"

"Hapana. Nitahama mimi."

Siku hiyo hiyo cherehani nne zikahamia barazani kwangu, na wifi mwenyewe, na mto wake wa kulalia. Nilimpisha.

Siku ya tatu Fundi Milimita akaja. Wifi hakuondoa mguu kwenye cherehani.

"Mama watoto, turudi nyumbani. Nimepiga lipu mpya."

Cherehani ikalia kwanza pindo zima. Kisha wifi akasema, "Chimbua nje ya ukuta mpaka chini. Udongo ule utoke. Dada yako atakuelekeza."

"Huyu?"

"Huyo huyo."

Akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama mawingu.

"Haya, sema basi."

"Niseme nini mie, darasa la pili?"

"Dada, nakuomba."

Nikamwambia. Udongo mweusi uondoke ukutani upana wa mkono mzima, pajazwe kokoto, na chini kabisa lilale bomba lenye matundu la kutoa maji mpaka mteremkoni. Maji ya paa yapelekwe mbali. Maua yang'oke. Ukuta ulioinama uvunjwe, ujengwe upya na nguzo za zege.

Alichimba wiki mbili, mchana kweupe, na mtaa ukaja. Vibarua wake wa zamani walikuja na viti. Alipoanza kuvunja ukuta kwa ndani, lipu ikabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na kila tabaka lilikuwa na mwaka wake umechorwa kwa ncha ya mwiko, kama alivyozoea, pamoja na neno moja: IMEKWISHA. Tukahesabu IMEKWISHA tano.

"Soma ya chini kabisa, fundi!" mmoja wa vibarua akapiga kelele. "Sauti haifiki!"

Fundi akainua nyundo. Akaendelea kuvunja.

Mvua ilipokuja, wifi alitandika kitambaa cheupe sakafuni handakini, kona hadi kona, akafunga mlango. Ikanyesha siku tatu. Tukashuka watatu. Kona tatu kavu. Ya nne, ile ya vifungo, imelowa upana wa sahani.

"Hiyo ni milimita chache t..." akaanza, halafu akajinyamazisha mwenyewe. Kwake hilo ni jambo kubwa, nalisema kwa haki.

Wifi akatoa kifungo mfukoni, akakiachia. Kikaviringika, kikaenda kule kule.

"Cherehani tatu zirudi," akasema. "Ya nne ibaki barazani kwa dada yako, mpaka kona hii ipite kiangazi na masika."

"Na kona yenyewe?"

"Weka kiti chako hapo. Ukilowa utaniambia."

Mto wake aliubeba kurudi, na sare zilifika shuleni nyeupe. Mume anakaa kwenye ile kona kila mvua, kiganja sakafuni, na akija mteja anamhadithia udongo mweusi unavyovimba na kunywea, kama aliuumba yeye.

Juzi alipita kwangu. Akaitazama cherehani ya nne pale barazani, akadhani sioni, akachomoa pimamaji, akailaza juu ya meza ya cherehani. Kiputo kikakaa katikati. Akainama, akasubiri kisogee. Nikamwachia asubiri.