Mchana Redio Ilipomezwa na Jua

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, jua limesimama utosini, dada yangu Zaina anahangaika na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, ng'ambo ya Kwamsisi. Tulipewa redio ya kuitia gari la wagonjwa kutoka Korogwe, na wanaume wakaiamini kuliko miguu yao.

Kabla ya hapo mgonjwa alibebwa kwa machela, vijana wakipokezana hadi barabara kuu. Siku ile kijana aliyekabidhiwa redio aliita, sauti ya Korogwe ikaja, ikazama, ikaja tena, ikazama. "Subirini, inarudi," akasema shemeji yangu, mume wa Zaina. Nikamwambia, "Shemeji, mbebeni jamani!" Akanifokea nisiwavuruge. Laiti ile redio ingenyamaza kabisa! Wangeondoka. Lakini kila ikikohoa, wanakaa tena.

Walipoinua machela jua lilikuwa limeshainama. Zaina alikata roho njiani, na mtoto wake tumboni.

Wakamgeukia kijana wa redio wampige, eti kaiharibu. Bibi Mwanahawa, mkunga wetu, akasimama mbele yake. "Mwacheni mtoto wa watu! Redio ilikatika. Na mabega yenu, nani aliyeyakata?" Shemeji alikaa chini palepale mavumbini, akalia.

Miaka mingi baadaye mkwe wangu, mwalimu wa sayansi, alinieleza. Dunia ina ngao ya sumaku huko juu, na jua huipulizia upepo wa chembe zenye umeme. Upande wenye mchana ndio unaopokea kishindo. Chembe zilizomo ndani ya ngao husukwasukwa, huenda na kurudi kama maji ya ndoo kichwani, na anga ikivurugika hivyo sauti za redio hupotea. Huenda ndivyo ilivyokuwa, alisema. Nilimsikiliza, moyo ukauma upya. Kumbe yule kijana hakuwa na kosa hata chembe.

Basi nisikilize. Sikukatazi simu, hata mimi ninayo. Ila mtu akizidiwa, anza safari, simu utapiga ukiwa njiani. Na jambo likiharibika, usikimbilie kumtwika mnyonge. Siku ile, tukisubiri, Zaina alinishika mkono akaniuliza, "Gari limefika?" Nikamwambia linakuja. Mpaka leo sijapata usingizi mzuri.

Mungu akujalie watu wanaonyanyuka mara moja ukiwaita, mwanangu, nawe usimchelewee mtu.