Mstari Juu ya Chokaa

Mimi nikishika jambo silegezi. Niliamua mbao za urembo zipande thuluthi ya ukuta katika kila chumba cha nyumba yetu ya Kibokoni, na juu yake upite mkanda wa mti. Hasa nilitaka kufunika uchafu. Juu ya chokaa palikuwa na mstari mweusi uliozunguka nyumba nzima, nao ulinitia haya kila walipokuja wageni.

Fundi wangu, bwana mmoja wa kutoka bara mwenye karakana Mbaraki, akapima. Sebuleni, kwenye dari refu, thuluthi iliufunika mstari. Ushorobani haikuufikia, ukabaki juu kwa shibiri moja. Chumbani kwa mama mstari ulishuka hadi usawa wa kitanda, ukaishia hapo.

"Nani hutembea akishika ukuta?" akauliza.

Nikacheka. Nani ashike ukuta mchana kweupe?

Mara mama akatoka jikoni na birika la kahawa mkono mmoja. Vidole vya mkono wa pili vilipita juu ya ule mstari, taratibu, hadi vikagusa shati la fundi aliyekuwa amesimama kimya mbele yake.

"Nani hapo?" akashtuka.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilipigwa na butwaa. Nala naye sinia moja kila siku, na sikujua kwamba haoni. Alikuwa ameipima nyumba nzima kwa vidole, kila chumba kwa kimo chake, wala hakumwaga hata tone la kahawa. Nilistaajabu mpaka nikaona aibu. Mara ngapi nilisema mbele yake kwamba siku akishindwa na nyumba hii tutamhamishia kwa dada yangu, ng'ambo ya pili?

Nilimwambia fundi aachane na thuluthi, mkanda aupitishe palepale penye uchafu, aupige msasa mpaka uwe laini.

Kazi ilipokwisha, mama alitoka jikoni kama kawaida. Vidole vikaupata mkanda. Akaufuata ushoroba mzima hadi mlangoni kwake, akasimama.

"Kumbe wajua kuwa mato yangu yamekwenda," akasema. "Basi wanihamisha lini?"

"Huhami, mama."

Alirudi jikoni akiushika ule mkanda, kisha akaja tena, na safari hii alitembea upesi.