Mkwe Wangu Anachoma Zebaki Ndani, Nami Nina Mwiko wa Kuingia

Nyie wachimba dhahabu mnaochoma zebaki penye watoto, akili mnazo au mmezitupa shimoni? Na nyie mabinti mnaowafichia waume, nanyi nawasema. Wenye ukurasa, jina langu lificheni. Mkwe wangu atanijua kwa ukali tu, na anijue.

Mimi ni bibi, miaka sitini nimeivuka, kusoma nilijifunza ngumbaru. Naishi huku Mpanda, karibu na machimbo. Binti yangu wa mwisho kaolewa na mchimbaji na nyumba yao inatazamana na yangu, lakini kwa mila zetu mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake. Hata salamu tunapeana ukuta ukiwa katikati.

Masika yalipoisha alikuja bwana wa serikali akatukusanya. Akasema ile zebaki, dawa nyeupe inayoikamata dhahabu mchangani, ni sumu. Maji yake yasirudi mtoni, na kuichoma iwe mbali na nyumba, maana moshi wake unaua polepole. Atakayekaidi, shimo lake litafungwa. Mkwe wangu akaitikia kuliko wote: "Tumesikia, mzee!" Mtu anayeitikia upesi hivyo mimi namtilia shaka.

Tangu hapo sikuona tena moto wake kule mtoni. Nikajiuliza, dhahabu anaichomea wapi? Kisha binti akaazima kikaango changu. Kiliporudi kilikuwa na doa la kijivu, nikasugua kwa majivu, wapi! Pembeni kakakimbia katone keupe, nikikagusa kanagawanyika.

"Mmepika nini humu?"

"Karanga, Mayu," ndivyo anavyoniita mimi mama yake.

"Karanga zinazokimbia?"

Akacheka, halafu machozi yakamtoka. "Mayu, usipige kelele. Nje moshi unaonekana. Ndani nani ataingia?"

Mmesikia? Ndani nani ataingia! Yule kijana kajificha nyuma ya adabu yangu! Nilipomsema ukutani akanijibu, "Mama, moshi unapanda juu, mtoto analala chini." Na huyo mjukuu wangu bado ananyonya. Mama yake mikono inamtetemeka akinipa maji, mdomoni anasikia ladha ya chuma. Mumewe anasema ni malaria. Malaria gani inayongoja siku ya kuchoma?

Wifi zangu wananionya nikivuka ule mlango nitakuwa nimemvua mkwe nguo, na aibu haitaisha. Nikienda kwa bwana wa serikali, shimo litafungwa, wakose chakula, binti anichukie. Nishaurini basi: nivunje mwiko au nikamshtaki? Ila asiniambie mtu nivumilie. Moshi haujui kuvumilia.

Na wewe binti yangu, ukurasa huu najua huukosi. Usingoje majibu yao. Mfunge mwanao mgongoni, utoke humo leo kabla mumeo hajawasha moto. Mlango wangu hauna mwiko. Njoo.