Aproni ya Bi Brashi

Hebu mwone akiingia gatini asubuhi: mama mnene, mwendo wa taratibu, brashi kwapani, aproni nyeupe pee. Watu wa kisiwani walimwita Bi Brashi, maana hakuna aliyeshuka melini bila kusuguliwa nyayo za viatu.

"Nisugue na mgongo basi!" abiria walimtania.

"Mgongo mpelekee mkeo. Mimi nataka matope tu."

Sheria ilikuwa fupi: udongo, mbegu na viumbe hai vya ng'ambo, marufuku. Ilitungwa baada ya sisimizi wekundu kuingia na chungu cha maua. Nenda upande wa pili wa kisiwa usikilize. Miti ipo, upepo upo, lakini ndege hakuna, nyenje hakuna, hata nzi; sisimizi hao wamewala wote. Wenyewe wanapaita Kimya. Nyumba ikionekana na sisimizi hao, wenye nyumba huhamishwa, bustani huchomwa, na hawarudi tena.

Basi siku moja mdogo wake wa kiume akashuka melini, mkononi ana kitambaa kilichofungwa fundo.

"Dada, ni udongo wa kaburi la mama. Nilijua inakuuma kwamba hukuwahi mazishi."

Bi Brashi akaupokea kwa mikono miwili, akaubusu, akautia kwenye tanuri la gatini la kuchomea vilivyokatazwa.

"Hata mama, dada?"

"Sheria ni msumeno, mdogo wangu."

Wakaenda nyumbani. Aproni Bi Brashi akaitundika msumarini jikoni, kama siku zote. Sheria ilitaka ibaki gatini, ichemshwe huko huko. Lakini maji ya huko yalikuwa ya chumvi, na yeye doa kwenye nguo hakulivumilia hata kidogo. Tena nani wa kumkagua mkaguzi?

Alipokuwa akimimina chai, mdogo wake akainua kichwa.

"Dada, mbona hapa kwako kimya hivi?"

Bi Brashi akatega sikio. Nyenje wa dirishani hawalii. Shomoro wa darini hawapo. Tangu lini? Hakukumbuka.

Akageuka polepole. Kutoka mfukoni mwa aproni, uzi mwembamba mwekundu ulishuka ukutani, ukapita chini ya mlango, ukaelekea bustanini. Uzi ule ulikuwa unatembea.

Mdogo wake alikuwa anapuliza chai yake, hajaona kitu. Simu iko mezani. Ufagio uko pembeni.

Bi Brashi akainuka. Haya niambie wewe, mpenzi msomaji: mkono wake ulikwenda wapi?