Yoyo ya Mkono wa Pido

Mang Mones, yaani Mzee Mones, alikuwa mkereza mbao, na hapa Paete hilo si jambo la kumfanya mtu ageuziwe shingo. Mji mzima unachonga watakatifu, na vumbi la mbao tunalila pamoja na wali. Lakini sifa ni za wachongaji. Mkereza ni mtu wa miguu ya meza, nguzo za ngazi na vitako vya kusimamishia sanamu. Watu humpigia magoti mtakatifu. Kitako hakuna anayekitazama. Mang Mones aliridhika hivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na baada ya kumzika mwanawe Leandro, hata hayo machache aliyapunguza.

Duka langu linatazamana na karakana yake, na barabara yetu ni nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya ng'ambo, huku tunamwombea afya. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine aliniambia mkewe, Sepa, ambaye tulikua pamoja.

Leandro alikuwa mtoto wao wa pekee. Yeye na rafiki yake Pido walikuwa wacheza yoyo. Sisemi ule mchezo wa watoto wa kurusha chini na kurudisha juu. Nasema ule wa mashindano, uzi unasukwa baina ya mikono miwili, na yoyo inapita humo ikizunguka bila kugusa kitu. Pido ndiye aliyekuwa hodari. Watu walisafiri kuja kumtazama. Leandro alikuwa wa kawaida, ila hakuna aliyefurahi kuliko yeye rafiki yake aliposhinda.

Siku moja ya mvua walikuwa wakitoka mji wa Santa Cruz kwa pikipiki, Pido akiendesha. Lori la nazi likasimama ghafla mbele yao. Leandro alifia pale pale barabarani. Pido alipona, ila mkono wake wa kushoto ulipoteza kidole cha shahada na cha kati. Mazishini hakuja, alikuwa hospitali. Alipotoka hospitali hakuja pia, na watu mtaani walisema walivyotaka.

Ikapita miaka miwili. Baada ya Pasaka moja, nikamwona Pido amesimama mbele ya duka langu, amekonda, mkono umefichwa mfukoni. Akaomba soda, akaketi, asiinywe. Macho yalikuwa ng'ambo.

"Vuka tu, mwanangu," nikamwambia. "Barabara yenyewe hatua tano."

"Na akinifukuza, Aling Charing?"

"Akikufukuza rudi umalize soda yako. Inapoteza gesi."

Akavuka. Mang Mones alikuwa kwenye mashine, anakereza mguu wa kiti. Alimwona, lakini hakuzima. Pido akasimama akingoja mpaka mguu ule ukaisha na mashine ikanyamaza.

"Mang Mones, nataka unitengenezee yoyo," akasema. Nilishika kichwa. Miaka miwili, na neno la kwanza ndilo hilo!

"Zinauzwa," mzee akajibu.

"Za dukani ni za watu wenye vidole. Nimejaribu zote. Uzi naupokelea kidole cha pete sasa, na hakifiki pale kinapotakiwa. Yoyo inatua pembeni, inaanguka. Hakuna atakayenitengenezea nyingine ila mtu anayejua kukereza."

Sepa alitokea mlangoni, akamwona aliyesimama pale, akarudi ndani na kufunga mlango. Mang Mones aliutazama mlango ule kwa muda. Kisha akasema, "Toa mkono mfukoni."

Akaushika, akaugeuza kama anavyogeuza kipande cha mti akitafuta ufa. Akachukua bikari, akapima upana wa kiganja, kisha umbali kutoka kidole gumba hadi kidole cha pete. Hakumwuliza kama unauma. Alisema tu, "Njoo Jumamosi."

Yoyo ya kwanza aliikereza kwa kamagong, mti mweusi na mzito kama mpingo. Ilikuwa nzuri mno. Mimi ningeiweka kabatini. Pido akairusha, akakunja uso.

"Nini?" akauliza mzee.

"Jiwe hili. Ningekuwa navua samaki ningelishukuru."

"Mti mzuri huo!"

"Mzuri, Mang Mones. Lakini unanivuta bega."

Ya pili aliifanya kwa mti mwepesi, ikapeperuka kama ganda la karanga. Ndipo Pido akamfundisha, akitumia maneno ya wachezaji. Yoyo ikizunguka vizuri mwisho wa uzi, wanasema imelala. Ikiinama upande, uzi unasugua ukuta wake, mzunguko unaisha, na hapo wanasema imekufa. Ili ilale muda mrefu, uzito wake uwe ukingoni, katikati pabaki pepesi. Na kwa mkono kama wake, mdomo wa yoyo uwe mpana, kuta zake zilale kama bakuli, uzi ukikosea kidogo uteleze wenyewe hadi katikati.

"Kwa hiyo unataka bakuli mbili zilizopeana migongo," mzee akasema.

"Hasa!"

"Ungesema hivyo tangu mwanzo. Bakuli nimekereza kabla hujazaliwa."

Wakaendelea hivyo kila Jumamosi. Mang Mones alichonga mfereji ndani ya ukingo, akaingiza pete ya shaba iliyokatwa kwenye bomba kuukuu. Katikati wakaweka beringi ndogo ambayo Pido aliitoa kwenye yoyo yake ya zamani. Walibishana juu ya kila kitu. Nikiwapelekea kahawa, nawakuta vichwa vimegusana juu ya kipande cha mti, na mlango wa Sepa umefungwa. Nilijua anasikiliza nyuma yake. Mwanamke aliye jikoni lazima atoe mlio wa sufuria, na kule hakukuwa na mlio wowote.

Jumamosi moja ya Juni, mvua ikinyesha, Pido alirusha yoyo ya tano au ya sita. Ikainama, ikasimama.

"Imekufa," akasema, kama alivyozoea kusema.

Mang Mones akaweka patasi chini.

"Mwanangu alisema nini pale barabarani?"

Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya kahawa. Pido akaanza kuukunja uzi, akaukunja na kuukunja.

"Pale hakusema kitu, Mang Mones. Ilikuwa mara moja. Lakini kabla yake tulijikinga mvua kwenye kituo cha petroli. Yeye akasema tusubiri ikatike. Mimi ndiye niliyesema twende. Nilikuwa na njaa. Basi tu. Njaa. Akapanda nyuma, akaniambia, 'Ukiniangusha, utamweleza mama mwenyewe.' Akacheka. Alikuwa bado anacheka, Mang Mones, namsikia sikioni, lori liliposimama."

Mzee hakumpiga wala hakumtukana. Alichukua ufagio, akafagia mavumbi ya mbao yaliyokuwa yamefagiwa tayari.

"Jumamosi usije," akasema.

Pido akaondoka na mvua ile ile. Karakana ikawa kimya mwezi mzima na zaidi. Yoyo isiyokwisha ilibaki juu ya meza, nusu mbili mbalimbali, na Mang Mones aliizunguka akipita kama mtu anayemkwepa mbwa aliyelala.

Aliyekivunja kimya hicho ni Sepa. Alivuka barabara asubuhi, kanga ya jikoni bado kiunoni.

"Charing, unajua anakoishi yule kijana?"

"Najua."

"Mwambie arudi. Kazi ya watu haiachwi nusu."

Nikamtazama. Akaanza kupangapanga biskuti zangu ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Miaka miwili nalala na swali moja, kama mwanangu aliogopa," akasema. "Mones hajui. Padri hajui. Nilikuwa nataka kumwuliza yule kijana, na nilikuwa namchukia, basi nikashindwa. Sasa nimejua kwamba alikuwa anacheka." Akajifuta uso kwa kanga. "Simsamehe bado, usimwambie nimesamehe. Mwambie arudi."

Pido alirudi. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi, na Sepa akatoa sahani tatu za wali na samaki badala ya mbili. Hakusema karibu. Aliziweka tu mezani, kati ya msasa na patasi.

Yoyo ilikamilika mvua zilipokuwa zinaisha. Pido aliirusha uani, ikalala. Ikalala mpaka tukaanza kutazamana. Akaupokea uzi kwa kidole cha pete, ukateleza hadi katikati, naye akausuka, akaufumua, akausuka tena. Machozi yalimtiririka na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi.

"Inavuta kushoto kidogo," Mang Mones akasema.

Mwezi Oktoba walikwenda wote wawili Manila, kwenye mashindano katika ukumbi wa duka kubwa. Pido hakushinda. Yoyo ilimponyoka mara mbili mbele ya watu, na hakufika fainali. Mzee aliniambia kwamba waliporudi, walikaa kwenye basi bila kuongea hadi walipoanza kuliona ziwa la kwetu, ndipo yeye akasema, "Mdomo ule tungeupanua kwa unene wa unywele mmoja." Pido akacheka mpaka abiria wakageuka.

Baadaye wachezaji wengine walikuja kuagiza yoyo kama ile. Mang Mones alikataa kuirudia. Kila mmoja alimwambia kwanza atoe mkono wake.

Siku ya kuwakumbuka marehemu ilipofika, tulikwenda makaburini na ndoo za chokaa ya kupaka makaburi, kama kila mwaka. Pido alikuja pia, akabaki nje ya lango, ameshika mishumaa. Sepa alimwona, akaendelea kung'oa majani kwenye kaburi la Leandro. Mang Mones alinyoosha mgongo, akamwita kwa sauti iliyosikika makaburi yote.

"Unasubiri nini huko? Wewe ndiye mrefu. Njoo upake huku juu."

Pido akaingia. Sepa akamsogezea ndoo.